Mtoto wa Mgodini Ana Haki ya Kujua Nyota

Katika nchi iliyo kati ya Shinyanga na Geita, ambako watu wamezoea kuinamisha macho ardhini kwa kuwa riziki yao imezikwa humo, hakuna elimu iliyosahauliwa kuliko elimu ya falaki. Kusahauliwa huko ni dhuluma, kwa sababu dhahabu anayoitafuta mchimbaji wa Nyarugusu ndani ya duara lake la kuchimbia, na almasi iliyomfanya Dk. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, akite kambi Mwadui mwaka 1940, zote mbili zina nasaba ya mbinguni, wala haiwezekani kuzisimulia habari zake kwa ukamilifu bila ya kusimulia habari za nyota. Nataka kusema, kwa taadhima kwa wote wanaoshughulika na elimu katika mikoa hii miwili, kwamba mtoto aliyezaliwa juu ya dhahabu ana haki ya kufundishwa dhahabu hiyo ilitoka wapi, na afundishwe usiku, nje, huku akiona kwa macho yake.

Majira ya kiangazi, tangu Juni hata Agosti, anga la Usukuma likiwa jeusi bila wingu, mtu aliye mbali na taa za mji huona mkanda wa nuru hafifu umelala kutoka upeo mmoja hata wa pili, nao ndio Njia Nyeupe. Mkanda huo ni nuru iliyochanganyika ya nyota ambazo wanafalaki hukisia jumla yake kuwa kati ya bilioni 100 na bilioni 400, zimekusanywa na uvutano katika umbo bapa la mviringo, ambalo nuru yenyewe, iendayo kilometa 300,000 kwa sekunde moja, huhitaji miaka ipatayo 100,000 kulivuka. Jumuiya kama hiyo ya nyota huitwa galaksi. Jua letu ni nyota moja tu humo, wala halikupewa makao ya katikati: liko kiasi cha miaka 26,000 ya nuru kutoka kitovuni, nalo hukizunguka kitovu hicho mara moja kwa miaka milioni 230 hivi, likituchukua sisi pamoja nalo. Mijusi mikubwa ya Tendaguru, ambayo mifupa yake Wajerumani waliichimbua huko Lindi kati ya 1909 na 1913, iliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Basi tangu ilipokufa, jua letu halijatimiza hata mzunguko mmoja.

Anayetaka kujua kitovu kiko upande gani na atazame buruji la Kausi, karibu na mkia wa Akarabu, ambako mkanda ule hunenepa na kung'aa kuliko kwingine. Humo mna shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni 4, ambalo Reinhard Genzel na Andrea Ghez walithibitisha kuwapo kwake kwa kuzifuatilia kwa miaka mingi nyota zinazolizunguka, hata wakawa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2020. Na kwa kuwa Shinyanga iko karibu digrii 4 tu kusini mwa ikweta, sehemu hiyo hupanda juu sana angani kwetu, ilhali mkazi wa London huiona ikijikokota kando ya upeo wake wa kusini, ikiwa taa za mji wake zitamruhusu kuiona. Tena usiku wa manane wa Novemba, mvua za vuli zikitoa nafasi, mtu wa Shinyanga anaweza kuyaona Mawingu ya Magellan kusini, na upande wa kaskazini akaiona Andromeda, galaksi jirani iliyo umbali wa miaka milioni 2.5 ya nuru, ambayo Abd al-Rahman al-Sufi aliiandika kuwa wingu dogo katika kitabu chake cha nyota mnamo mwaka 964. Wako wataalamu wanaofunga safari za mbali kutafuta anga la namna hiyo.

Al-Sufi hakuweza kujua wingu lile dogo ni nini. Mwaka 1845 Lord Rosse, kwa darubini kubwa aliyoijenga Ireland, aliona kwa mara ya kwanza kwamba baadhi ya mawingu ya namna hiyo yana mikono iliyojisokota kutoka katikati kwenda nje. Na katika miaka ya 1920 Edwin Hubble, akitumia kanuni aliyoigundua Henrietta Leavitt kuhusu nyota zinazofifia na kung'aa kwa zamu, akathibitisha kwamba Andromeda iko mbali kabisa nje ya galaksi yetu, nayo ni galaksi kamili yenye nyota zake. Yetu nayo ina mikono ya jinsi hiyo, nasi tumo ndani ya tawi mojawapo.

Mikono hiyo ilikuwa fumbo kwa muda mrefu. Ikiwa nyota za ndani huukamilisha mzunguko wao mapema kuliko za nje, mikono ingalipaswa kujizongazonga mpaka ikapotea, nayo haikupotea. Jibu walilolitoa C. C. Lin na Frank Shu mwaka 1964 linaweza kufahamika kwa kila mchungaji wa Kisukuma aliyewahi kuvusha ng'ombe mtoni. Makundi yakifika penye kivuko chembamba hupunguza mwendo na kubanana. Ng'ombe aliyetangulia huvuka akaenda zake, na wa nyuma akaingia mahali pake, hata anayetazama kutoka kilimani huona msongamano uleule haubanduki kivukoni mchana kutwa, ingawa ng'ombe wanaoufanya si walewale. Ndivyo ulivyo mkono wa galaksi kwa kadiri ya nadharia hiyo: ni mahali pa kubanana, ambamo nyota na mawingu huingia, hukawia, kisha hutoka. Wako wanazuoni wanaosema kwamba katika galaksi nyingine mikono huzuka na kufifia na kuzuka tena, na mjadala haujafungwa. Lakini juu ya kubanana kwenyewe hapana shaka, na kubanana huko ndiko kunakozaa nyota.

Maana katika nafasi iliyo kati ya nyota na nyota mna mawingu makubwa ya haidrojeni iliyochanganyika na vumbi laini, meusi na baridi kupita kiasi, kwa kuwa joto lake hushuka hata digrii 260 chini ya sifuri. Baridi hiyo, ambayo mtu angeidhani kuwa adui wa uzazi, ndiyo inayoufanya uzazi uwezekane, kwa sababu gesi yenye joto hujitutumua na kukataa kukusanyika, bali gesi baridi haina nguvu ya kuushinda uvutano wake yenyewe. Wingu likiisha kubanwa, mafundo yake mazito huanza kujivuta ndani, kila fundo likizidi kupungua ukubwa na kuzidi joto. Na kwa kuwa hapana wingu lisilozunguka japo kidogo, sehemu ya gesi na vumbi husalia nje ikilizunguka fundo katika umbo bapa, ambamo sayari hufanyika baadaye. Joto la kiini likifika digrii milioni 10 hivi, viini vya atomi za haidrojeni huungana kuwa heli, nishati hufumuka kwa nguvu za kuuzuia uvutano, kujivuta hukoma, na nyota imezaliwa. Aghalabu haizaliwi peke yake. Wingu moja huzaa mamia au maelfu kwa kipindi kimoja.

Mambo haya mtu anaweza kuyaona mwenyewe. Tangu Desemba hata Machi, upande wa kusini wa nyota tatu zilizopangana katika kundi la Jabari, pana doa la ukungu ambalo jicho zima hulitambua usiku wa giza. Hilo ni wingu lililo umbali wa miaka 1,300 ya nuru, ambamo nyota zinazaliwa sasa hivi, na nyingi za humo hazijatimiza miaka milioni chache. Na Kilimia, ambacho wakulima wetu wa pwani na wa bara walikitumia kujua majira ya kuandaa mashamba, ni ndugu wa tumbo moja waliozaliwa katika wingu moja yapata miaka milioni 100 iliyopita, wala bado hawajatawanyika. Babu zetu waliokuwa wakikitazama Kilimia katika buruji la Thauri walikuwa wakitazama kizazi kimoja cha nyota, na ni fahari kwetu kwamba waliifanya elimu hiyo kuwa kalenda ya jembe.

Nyota kubwa kuliko zote katika kila kizazi cha namna hiyo ndizo zenye maisha mafupi kuliko zote. Zinang'aa kwa rangi ya samawati, huteketeza haidrojeni yao kwa israfu, na baada ya miaka milioni chache tu hufa, nyingi zikiwa hazijatoka katika mkono uliozizaa. Ndiyo sababu mikono ya galaksi huonekana angavu kuliko sehemu zilizo kati yake. Kabla ya kufa hutengeneza ndani yake kaboni, oksijeni, silikoni, na mwisho chuma. Chuma hakitoi nishati kikiunganishwa zaidi, kwa hiyo kiini cha nyota hukosa nguzo, hujiporomokea kwa muda mfupi usiotimia sekunde moja, na sehemu za nje hulipuka na kurushwa mbali. Kaboni ya almasi za Mwadui, na chuma cha miamba ile yenye mistari iliyo katika vilima vya Geita, vilifanyika ndani ya nyota zilizokufa kabla ya jua letu kuwako.

Habari ya dhahabu ni ngumu zaidi, nami naomba msomaji anivumilie nikiikalia, kwa sababu imepitia pwani yetu wenyewe. Kiini kilichoporomoka huacha jirimu la ajabu linaloitwa nyota ya nyutroni, lenye uzito unaozidi wa jua zima katika tufe lenye upana wa kilometa 20 hivi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha siku yake ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani; na mwaka uliofuata ikagundua kwamba jirimu liitwalo Centaurus X-3 linatoa pigo la eksirei kila baada ya sekunde 4.8, ikadhihirika kuwa ni nyota ya nyutroni inayozungukana na mwenzake na kumnyonya gesi. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Chombo chenye jina la Kiswahili ndicho kilichoufungulia ulimwengu mlango huo, na sioni kwa nini mwanafunzi wa Kahama amalize shule bila kuisikia habari hiyo.

Zikiwapo nyota mbili za nyutroni zinazozungukana, huzidi kukaribiana kwa mamilioni ya miaka mpaka zigongane. Mgongano wa namna hiyo ulinaswa tarehe 17 Agosti 2017 na mitambo ya LIGO ya Marekani na Virgo ya Italia, ambayo ilipokea mitetemo ya uvutano kutoka galaksi iliyo umbali wa miaka milioni 130 ya nuru. Na darubini za pande zote za dunia zilipogeuzwa kuelekea huko ziliona mng'ao uliobadilika rangi siku baada ya siku, kama ilivyotabiriwa kwamba ungekuwa ikiwa madini mazito yanafanyika humo kwa wingi. Katika msukosuko huo viini vya atomi humezeshwa nyutroni nyingi kwa haraka kubwa, hata vikapita chuma, vikafika kwenye dhahabu, na kwenye zebaki, ambayo iko hatua moja tu mbele ya dhahabu katika jedwali la elementi. Zebaki ileile ambayo wachenjuaji huishika mikononi huko mialoni, nayo ikiwadhuru mishipa ya fahamu, ni ndugu wa karibu wa kile wanachokitafuta.

Dhahabu hiyo ilitawanyika ikaingia katika mawingu ya galaksi, na miaka bilioni 4.6 iliyopita wingu mojawapo likajivuta, likazaa jua letu na dunia hii. Dunia ilipokuwa bado imeyeyuka, sehemu kubwa ya dhahabu yake ilizama pamoja na chuma hata kitovuni, mahali ambapo hapana mgodi utakaofika. Iliyo karibu nasi, kwa maoni ya wanazuoni wengi, imetokana na vimondo vilivyoanguka baadaye. Kisha, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, maji ya moto yenye salfa yalipenya nyufa za miamba ya kale ya Usukuma yakiwa yamebeba dhahabu hiyo. Salfa ilipokutana na chuma cha miamba yenye mistari ilishikamana nacho, na dhahabu, ikiwa imepoteza mbebaji wake, ikabaki mwambani. Tangu hapo jua limeizunguka galaksi zaidi ya mara 10. Mchimbaji anayeupeleka mfuko wake wa mawe kwenye karasha anasaga kitu kilichosafiri hivyo, na hakuna aliyemwambia.

Hata ushahidi wa wingu lile lililolizaa jua tunao hapa Tanzania. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini-magharibi mwa nchi, karibu na Ziwa Rukwa. Hakikuwa kikubwa, kilichookotwa hakikufika hata kilo moja, wala hakisifiwi kama kile cha chuma cha Mbozi ambacho wageni huenda kukipiga picha. Hata hivyo wanasayansi hukithamini kupita kiasi, kwa sababu mchanganyiko wa elementi zake, ukiondoa gesi nyepesi, unalingana na ule wa jua lenyewe, hata vimondo vyote vya jinsi hiyo vikawekwa katika kundi lililopewa herufi ya kwanza ya Ivuna. Wajapani walipoleta duniani, Desemba 2020, mchanga wa jirimu dogo liitwalo Ryugu, walikuta kwamba unafanana na kundi hilo. Katika vimondo hivyo mna pia chembe zilizolitangulia jua, zilizofanyika katika nyota nyingine. Sehemu ya kimondo cha Ivuna imehifadhiwa London. Kwetu jina la Ivuna halifahamiki isipokuwa kwa wachache.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu nina hoja nayo, na hoja yenyewe ina damu. Katika Kanda ya Ziwa, hasa katika miaka iliyofuata 2006, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, watoto wadogo wakiwamo, kwa kuwa waganga waliwaaminisha wateja wao kwamba viungo hivyo huvuta mali, awe mteja ni mvuvi ziwani au mchimbaji machimboni. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na ilifanya vyema. Lakini marufuku huufunga mlango wa mganga, haiondoi dhana iliyomo moyoni mwa anayemwendea. Dhana hiyo ni kwamba dhahabu ina mwenyewe asiyeonekana, ambaye huitoa au huizuia apendavyo, na ambaye hubembelezwa kwa kafara. Sisemi kwamba somo la nyota peke yake lingeizuia mikono ya wauaji, maana tamaa ni maradhi yenye tiba nyingine. Nasema kwamba kijana anayejua dhahabu ilifanyika wapi, ilifikaje Geita, na kwa nini iko katika mwamba huu na haiko katika ule, ni vigumu zaidi kumhadaa; na kwamba kumnyima maarifa hayo katika nchi yenye historia hiyo ni kumwachia mganga uwanja mtupu.

Wala lisichanganywe jambo la falaki na nujumu ya kutabiri bahati. Nujumu humwambia mtu nyota yake imemwandikia nini. Falaki humwambia nyota ni nini, hutoa hesabu zake hadharani, na humkaribisha yeyote azikosoe.

Muhtasari wa Fizikia wa sekondari uliotumika kwa miaka mingi uliiweka elimu ya nyota katika mada za mwisho za kidato cha nne, yaani miezi ile ambayo mwalimu amekwisha kubanwa na maandalizi ya mtihani. Na hata inapofundishwa, hufundishwa mchana, kwa chaki, chini ya paa la bati. Somo lenye maabara kubwa kuliko zote halikupewa hata usiku mmoja. Watu wetu hawakosi hamu: jua lilipopatwa kwa umbo la pete tarehe 1 Septemba 2016, umati ulimiminika Rujewa huko Mbeya kulitazama, na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye amejitolea kwa miaka mingi kuieleza falaki kwa wananchi, amekwisha kuonyesha kwamba elimu hii inaweza kusemwa kwa lugha inayoeleweka.

Sheria ya Madini ilivyorekebishwa mwaka 2017 inazitaka kampuni za uchimbaji ziandae kila mwaka mpango wa wajibu wao kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, nami siombi hata tofali moja liondolewe. Naomba halmashauri za Geita, Msalala, Kahama na Kishapu zitenge fungu dogo la kununulia darubini chache zenye kioo cha sentimeta 20, zigawiwe kwa zamu miongoni mwa shule, na kuwafunza walimu wa Fizikia na Jiografia kuzitumia. Shule za bweni zianze, kwa kuwa wanafunzi wake wako shuleni usiku na ulinzi wa wasichana ni rahisi zaidi kuutimiza. Atakayesema kwamba watoto wasio na madawati hawahitaji nyota nitamjibu kwamba Kilimia, Jabari na Njia Nyeupe havihitaji darubini wala dawati. Vinahitaji mwalimu aliye tayari kutoka nje saa mbili usiku. Na migodi, pamoja na miji inayokua kama Kahama, izifunike taa zake kwa juu ili nuru ishuke kwenye kazi iliyokusudiwa. Gharama yake ni ndogo, na anga likiisha kufifishwa kizazi kitakachofuata hakitajua kilichopotea.

Baraza la Mitihani nalo lina sehemu yake, kwa kuwa walimu wetu huelekeza nguvu zao palipo na alama. Liweke katika karatasi ya Fizikia swali moja linalomtaka mtahiniwa ataje kitu kimoja alichokitazama angani katika mwaka wake wa mwisho wa masomo, mwezi gani, saa ngapi na upande gani, kisha aeleze kwa kanuni alizofundishwa kitu hicho ni nini na kilianzaje.